Neno Ambalo Hakulisema Mlangoni

Mume wangu alifariki Jumatano, wiki ya pili ya Februari, kwenye machimbo madogo nje ya mji wa Geita. Moyo ulisimama akiwa karashani, asubuhi, mashine ikisaga mawe ya kwanza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alfajiri hiyo, nyumbani kwetu Kalangalala, alirudi mlangoni akaniambia, "Leo nina moyo mzito. Nibaki?" nami nikamjibu, "Nenda, watoto watakula nini?" Maneno yake niliwasimulia waombolezaji, jibu langu nililificha.

Sifa yangu ni kukumbuka tarehe. Nilimaliza kidato cha nne binti yangu akiwa darasa la saba, na somo nililofaulu vizuri kuliko yote lilikuwa Historia. Hivyo Desemba iliyopita, alipokuja likizo kutoka chuo anakosomea saikolojia, akanieleza kwamba mtu huweza kukumbuka waziwazi jambo ambalo halikutokea, nilicheka.

Alisema wapo watafiti wanaopitisha umeme hafifu mno kichwani, upande wa juu ya sikio, wakati mtu akijifunza orodha ya maneno, waone kama kumbukumbu za uongo zitapungua. Baadhi wameona zimepungua. Wengine hawakuona tofauti.

"Mimi hawanihitaji," nikasema.

"Haya Mama, tujaribu bila umeme."

Akasoma: godoro, shuka, mto, kitanda, ndoto, kukoroma, chandarua. Tulipomaliza kuosha vyombo akaniuliza kama alitaja usingizi.

"Umetaja. La tatu."

"Sijataja."

"Wewe! Nimekuzaa mimi, hujanizaa."

Akafungua simu alimokuwa amejirekodi. Usingizi haukuwamo.

Kesho yake nilimwambia lile jibu langu la mlangoni. Hakunibembeleza. Aliuliza tu nani mwingine alikuwepo. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kututembelea. Tukampigia simu kwake, Tinde.

"Wifi, asubuhi ile kaka yako alirudi mlangoni?"

"Alirudi, alisahau tochi. Wewe ulikuwa bombani. Akachota michembe, vile viazi vyangu vya kukaushwa, sufuriani kwa mkono, akasema, 'Usimwambie wifi yako, atanisimanga mpaka Pasaka.'"

"Hakusema ana moyo mzito?"

"Mayu! Hilo si neno la shangazi yetu? Kwenye matanga alisema, 'Lazima aliaga, wanaume huaga.' Kesho yake nikakusikia ukiwasimulia wageni wa Chato kwamba aliaga. Nikaona, mfiwa habishiwi."

Kwetu kila kundi la waombolezaji likifika, mfiwa huulizwa: ilikuwaje? Nami nilijibu kundi baada ya kundi, na sentensi ya shangazi ikaota mizizi kinywani mwangu, kisha ikazaa jibu langu.

Binti yangu alinikumbusha kwamba hata kumbukumbu ya wifi ni ya binadamu. Ni kweli. Lakini ile tochi ililetwa kutoka machimboni pamoja na nguo zake, nami nilikuwa nimeiona mezani nikienda kuchota maji, yeye ameshaondoka; basi aliirudia nikiwa sipo.

Sijawekewa umeme wowote. Hata hivyo nawashukuru watafiti hao nisiowajua, kwa kuwa swali lao lilifika mpaka jikoni kwangu. Namshukuru wifi, na binti aliyethubutu kunibishia. Februari hii, Jumatano ya wiki ya pili, nilipika michembe kwa karanga, mingi kuliko tunavyoweza kula, nikaacha sufuria bila mfuniko, anayetaka achote kwa mkono.