Ngazi ya Lyle Brandvold

Mimi ndiye mkata tiketi wa mlangoni katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo chetu hapa Vesterholm, kwa hiyo mtu asinisimulie habari za mashindano ya ligi. Nimeyaona yakija, nimeyaona yakiondoka. Na akitokea wa kunieleza kwamba yalihamishwa kwa faida ya wachezaji, damu hunichemka mpaka leo.

Zamani yalikuwa yetu. Ligi ilikuwa ya vyuo vidogo vya nyanda hizi, na kila timu ilicheza, ya kwanza mpaka ya mkia. Hoteli haikuwapo, wageni walilala majumbani mwetu. Nimepika mabakuli kwa mabakuli ya nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu yake, nikiwalisha wasichana ambao miguu yao ilitokeza nje ya vitanda vyangu. Timu iliyotwaa kombe ilipanda ngazi ikakata wavu wa kikapu, kila mchezaji na uzi wake wa kwenda nao kwao.

Lyle Brandvold, mtunza ukumbi, aliona aibu mabingwa wapande ngazi ya mabati yenye matone ya rangi. Akatengeneza yake kwa mti wa mwaloni, nzito kama mlango wa kanisa. Nahodha aliyeshinda aliandika jina lake chini ya kipandio kimojawapo. Na Lyle akaiwekea mwiko: ngazi haitoki stoo mpaka kombe la mashindano liwe mkononi. Kuna mwaka timu yetu iliiegemeza ukutani kabla ya fainali, ikafungwa vibaya mbele ya macho yetu. Tangu hapo hata mimi, mwenye mdomo, sikumbishia.

Binti yake wa pekee, Marit, alikulia juu ya ngazi ile. Alijifunzia kusoma kwa yale majina, akiwa amelala chali sakafuni chini yake. Kipandio cha juu kabisa hakikuwa na jina, na nahodha akikigusa Lyle alimwambia, "Hicho kina mwenyewe." Mji mzima ulimjua huyo mwenyewe ni nani.

Kisha mambo yakaanza kubadilishwa. Mashindano yakahamishiwa mji mkubwa, mbali na kwetu, kwenye uwanja wenye viti vya kukunja na soda za bei ya kuruka. Wakuu wa chuo chetu nao wakaona wasiachwe nyuma, wakatupandisha daraja, tukaingia ligi kubwa. Mashindano ya ligi hiyo huchezwa katika mji wa kamari kule jangwani, na ni timu nane za juu tu zinazokwenda. Sisi hatukuruhusiwa hata tukiwa wa kwanza. Timu mpya, walisema, lazima ikae miaka minne ya matazamio, bila kucheza mashindano.

Mwaka huohuo Marit alianza chuo. Vyuo vingine vilimtaka, vyenye nafasi ya kucheza Machi, mwezi wa mashindano. Akabaki kwetu. Nilimuuliza kwa nini, akacheka: "Shangazi Verna, na ile ngazi nitamwachia nani?"

Miaka ikapita hivyo, kila Machi wasichana wetu wakitazama mashindano kwenye televisheni ya bwenini. Mwaka wa nne, wa mwisho kwa Marit, akawa nahodha na timu ikashika kasi ya ajabu. Katikati ya baridi kukazuka habari kwamba wakubwa wa ligi watapiga kura kupunguza matazamio yawe miaka mitatu. Tukafanya hesabu vichwani, tukaona mlango umefunguka. Lyle alianza kupima sehemu ya nyuma ya gari lake kuona kama ngazi itaenea mpaka jangwani.

Kura ilipangwa Jumatatu. Jumamosi iliyoitangulia tulicheza mechi ya mwisho nyumbani, tukashinda, na kwa ushindi ule tukaongoza ligi nzima. Ukumbi ulilia! Watu wazima walikumbatiana na maadui zao. Wasichana wakajikusanya chini ya kikapu wakaanza kuimba, "Ngazi! Ngazi! Ngazi!" na watu wote wakaitikia.

Lyle alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, funguo zikining'inia kiunoni.

"Lyle, bwana," kocha wao, mama mmoja aitwaye Pruitt, akamwambia, "hebu watolee. Watoto wamefanya kazi."

"Kombe liko wapi, kocha?"

"Wameongoza ligi!"

"Kuongoza ligi si mashindano. Usikate mbeleko mwana hajazaliwa."

Marit akaja akikimbia, jasho linamtiririka. "Baba, si umeona? Wa kwanza sisi! Toa ngazi."

"Machi, mwanangu. Jumatatu wanapiga kura. Mtakata kule kule, mbele ya dunia."

"Na wakikataa je?"

"Hawawezi kukataa. Nikiitoa leo nitawatia mkosi."

"Lyle wewe!" nikapiga kelele kutoka kwenye kibanda changu. "Ngojangoja huumiza matumbo! Mpe mtoto ngazi yake!"

"Verna, wewe kata tiketi."

Marit akazitazama funguo kiunoni mwa baba yake. Alikuwa na uwezo wa kumpokonya zile funguo, msichana mwenye nguvu kama yule, wala hakujaribu. Alirudi kwa wenzake, wakapiga picha chini ya wavu mzima, mikono juu, mmoja akiruka kuugusa. Kisha wakaenda kula piza.

Jumatatu wakubwa wa ligi walipiga kura, na matazamio yakapunguzwa kweli. Ila walisema kanuni mpya itaanza msimu ujao. Mimi nilisikia redioni nikiwa naosha vyombo, nikatukana tusi ambalo mume wangu hakujua kuwa ninalijua. Timu ya tisa, ambayo tuliifunga nyumbani na kwao, ikafungasha mizigo kwenda jangwani kujaza nafasi yetu.

Siku kadhaa Lyle alifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Wiki ya mashindano chuo kilifungwa kwa mapumziko na wanafunzi wakatawanyika. Nilikuwa kwenye kibanda nikikusanya vitu vyangu vya msimu nilipoona ameitoa ngazi, ameisimamisha chini ya kikapu na kuipangusa vumbi. Alikuwa amefunga wavu mpya, mweupe. Juu ya kipandio cha juu alikuwa ameweka mkasi na kalamu.

Marit aliingia amevaa koti la baridi, theluji bado kwenye mabuti. Akasimama.

"Nini hii, baba?"

"Panda." Akaishika ngazi. "Panda, mama. Ukate. Jina uandike pale. Mwiko niliuweka mimi, nami ndiye nimeutoa."

Akaja mpaka chini ya ngazi. Akashika ubao wake, akatazama juu, nami moyoni nikasema, panda basi, mtoto wee, panda tuyamalize. Akapanda vipandio viwili. Halafu akageuka akatazama sakafu tupu na viti vitupu.

"Wenzangu wako wapi, baba?"

"Wamekwenda makwao."

"Kila mtu na uzi wake. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo."

"Sasa nikate nyuzi zote peke yangu, nimpe nani?" Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mimi sikuitaka Machi, baba. Niliitaka ile Jumamosi."

Akashuka. Akamshika baba yake bega, kama unavyomshika mtu msibani, akatoka. Nilimsikia akiwasha gari.

Lyle alibaki ameishikilia ngazi kwa mikono miwili, mguu mmoja umekanyaga kipandio cha chini, kama alivyozoea kufanya mtu mwingine akiwa juu, asije akaanguka. Nikamwendea nikamwambia, "Lyle, iachie. Hakuna mtu huko juu." Akasema anajua. Lakini hakuiachia.