Brashi ya jani la masale

Bado nasikia mkwaruzo wa magunzi ya mahindi yenye rangi yakibingirishwa kwenye karatasi, halafu ukakatika ghafla.

Bibi yake Neema alikuwa mlangoni mwa darasa langu la chekechea, hapa Marangu. Shikamoo yangu hakuiitikia.

Neema alikuwa anapaka rangi kwa jani la masale.

"Mwalimu, jani la kuombea msamaha mmelifanya brashi? Huyu kesho haji."

(Na mimi ni Mchagga, nimelichuma mwenyewe. Nyie mngejibu nini?)

Neema akamnyooshea bibi lile jani, likidondosha rangi kwenye kanga yake.

Kwetu, ukiletewa masale hukatai.

Bibi akalipokea. "Haya, mama. Umeniweza."

Masale nimeshayatoa kwenye ndoo ya brashi. Magunzi yamebaki, na kesho Neema anakuja.