Jeneza Katika Behewa la Mizigo

Mimi ni fundi wa vichwa vya treni. Nakaa Kambarage, Shinyanga mjini, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kupanda treni ya abiria ya reli ya zamani nikiwa na boksi langu la spana, ili kichwa kikigoma njiani niwepo. Nilipoanza kazi, fundi alikuwa anabaki karakana akingoja kuletewa kilichoharibika. Vichwa vilipozeeka ikaonekana ni afadhali fundi asafiri navyo.

Watu wa huku wanaipanda treni hiyo kwa safari fupi: akina mama wa mchele, wafugaji wanaokwenda mnadani, wachimbaji wanaohama machimbo haya kwenda yale. Wengine wanaendelea hadi Tabora na Kigoma. Abiria huwa hawaulizi kichwa kina hali gani. Wakishasikia honi wanajua safari ipo.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya msimu wa mvua. Kichwa tulichopewa nilikijua vizuri kuliko nilivyotaka. Pampu yake ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, tulikuwa tumeitoa kwenye kichwa kingine kilichokufa kabisa, kilichoegeshwa nyuma ya karakana hadi majani yakaota kati ya magurudumu. Pampu hiyo nayo ilikuwa imechoka. Tuliomba mpya, tukaambiwa tusubiri. Nilimweleza mkuu wangu asubuhi ile kwamba inavuja. Akakitazama kichwa, akatazama abiria waliojaa stesheni, akasema, "Ongeza maji kila mnaposimama. Kitafika."

Kabla hatujaondoka, pikapu ilirudi kinyumenyume hadi kwenye behewa la mizigo, wakashusha jeneza. Aliyekuja nalo ni mwanamke mmoja mrefu, mwembamba, aliyejifunga kanga mbili, pamoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Gadi wa treni ndiye aliyenieleza. Marehemu alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Kharumwa. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilimfukia, na ilichukua siku kadhaa kumtoa. Mkewe alikuwa anapika chakula cha wachimbaji hapo hapo machimboni. Sasa walikuwa wanampeleka kwao Kigoma, kwa wazazi wake na watoto wake. Gari la kukodi lilikuwa juu ya uwezo wao.

Tuliondoka jua likiwa limeshachomoza vizuri. Vituo vya mwanzo nilijaza maji, tukaenda. Tulipokuwa mbugani, mbali kidogo kabla ya Isaka, dereva aliniita. Mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi mwisho. Nilifungua mlango wa chumba cha injini, mvuke ukanipiga usoni. Dereva akazima, treni ikateleza kidogo na kusimama.

Mahali penyewe palikuwa pabaya kusimama. Pande zote ni mbuga ya udongo mweusi, na mvua ya jana yake ilikuwa imeugeuza ulimbo. Barabara ya lami ilikuwa mbali, na njia ya kuifikia ni ya ng'ombe. Nyumba zilizoonekana ni mji mmoja tu wa Wasukuma, yaani boma la familia moja, lenye zizi la miiba na mashamba ya mpunga, na karibu yake lambo la kunyweshea mifugo.

Dereva alipiga simu. Akaambiwa kichwa cha kutuvuta kitatoka Tabora, lakini kwanza nacho kitengenezwe.

Pampu ilikuwa imepasua mpira wake. Niliufunga kwa kipande cha tyubu ya gari na waya, nikasema tukipata maji tutajaribu. Abiria hawakusubiri kuombwa. Walitoa ndoo, madumu, masufuria ya mama mmoja aliyekuwa anakwenda kuuza vitumbua, wakajipanga mstari kutoka lambo hadi kwenye reli, wakapokezana maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Mwanamke wa jeneza alikuwa kwenye mstari. Nilimwona anapokea ndoo na kuipitisha bila kumtazama mtu.

Kichwa kiliwaka. Abiria walipanda mbio, tukasogea taratibu, na kwa muda mfupi nikaamini. Kisha nikasikia kishindo ndani ya injini, mlio mzito usiofanana na kitu cha kufungwa kwa waya, na moshi mweupe ukajaa. Dereva alizima mwenyewe bila kuniuliza. Maji yalikuwa yameingia kwenye silinda. Kifuniko cha silinda kilikuwa kimepasuka kwa joto, na kitu hicho hakitengenezwi porini.

Saa sita ilipita. Jua la mbugani baada ya mvua lina ukali wake, na mabehewa ni ya bati. Gadi alifungua milango yote miwili ya behewa la mizigo ili hewa ipite. Waliokuwa wamekaa karibu nalo walianza kuhama mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli. Mwili ulikuwa umekaa chini ya ardhi siku nyingi kabla ya kufika hospitali, na barafu waliyomwekea haifanyi miujiza.

Mwanamke yule alinifuata nikiwa nimekaa kwenye reli, nguo zimelowa mafuta.

"Fundi, shikamoo."

Nikaitikia, ingawa nadhani tulilingana umri.

"Niambie ukweli. Itawaka?"

"Haitawaka, mama."

"Hicho cha Tabora kitafika leo?"

"Sijui. Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Alitazama mbuga. Shemeji yake alikuwa nyuma yake, akasema kwa haraka, "Tunaweza kupata mkokoteni wa ng'ombe, tukafika lami."

"Tukifika lami tutapanda nini, shemeji?"

Yule mwanamume aliivua kofia yake. Alikaa chini akafunika uso kwayo.

"Tumzike hapa," mwanamke akasema. "Siwezi kumfikishia mama yake kitu ambacho hawezi kukiaga."

Gadi, shemeji na mimi tulikwenda kwenye ule mji. Mwenye mji alikuwa mama wa Kisukuma, mjane pia, aliyekuwa anaanua mahindi. Tulimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, na gadi ambaye ni Msukuma akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alituuliza swali moja tu, kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu. Tukamwambia ni shimo lilimwangukia. Akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, naye akaja na baiskeli ameibeba begani kwa ajili ya matope, akasoma kibali cha mazishi cha Kigoma, akakuna kichwa, akapiga simu kwa wakubwa zake, kisha akasema, "Mtu ni mtu. Zikeni."

Mama yule alituonyesha mahali penye mwinuko, pembeni ya shamba lake, ambapo maji hayatuami.

Ndani ya treni kulikuwa na wachimbaji wengi waliokuwa wanakwenda machimbo mapya. Walishuka na sururu na koleo zao. Mmoja wao, mwenye kovu kubwa shavuni, alimwambia shemeji aliyekuwa ameshika jembe, "Kaa, kaka. Hii ndiyo kazi yetu." Walichimba kwa kupokezana, na kila aliyeshuka alizigusa kuta za kaburi kwa kiganja kuona kama zimeshikamana. Nadhani hawakujua kwamba wanafanya hivyo.

Mzee wa kanisa mmoja miongoni mwa abiria aliongoza sala. Wimbo tuliimba nusu, kwa sababu kila mtu aliujua kwa maneno yake. Mwanamke hakulia pale kaburini. Alilia baadaye, aliporudi kwenye behewa la mizigo kuchukua mkoba wake akakuta mahali pa jeneza ni patupu.

Kichwa cha Tabora kilifika kesho yake. Kilituvuta sote, na mwanamke na shemeji yake wakaendelea Kigoma mikono mitupu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kuhusika kwangu. Kiangazi kilipofika, yule mwanamke alikuja kuniulizia stesheni Shinyanga. Alikuwa amekonda zaidi. Tulikaa kwenye benchi, akanieleza kwamba ukweni walikataa kumwamini. Walisema amemtupa mtoto wao porini kama mzoga, ili awahi kurudi kwenye biashara yake. Shemeji aliyekuwa naye alimtetea mwanzoni, kisha akanyamaza. Watoto walibaki kwa babu yao.

"Nimekuja kukuomba kitu kimoja," akasema. "Zungumza na baba mkwe. Mwambie treni ilikufa kweli."

Alipiga simu, akanipa. Nilimwamkia mzee, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye fundi wa ile treni. Nikamweleza habari ya pampu, ya maji, ya silinda. Nilisikia nafsini mwangu jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo.

Mzee akauliza, "Wewe fundi, ulijua kwamba hiyo mashine ni mbovu?"

"Nilijua, mzee. Nilisema."

"Ulisema, nao wakaipeleka na watu ndani."

"Ndiyo, mzee."

"Basi huyo mwanamke alitakiwa asubiri hadi mvutwe," akasema, na simu ikakatika.

Nilimrudishia simu yake. Alikuwa amesikia, maana sauti ya mzee ilikuwa kubwa. Aliifuta kwenye kanga, akaniambia ahsante, akaniaga.

Sasa anapika chakula Kahama, karibu na mabasi yanapopakia abiria. Nimepita hapo mara chache. Ananipa chai, tunazungumza habari za mvua na bei ya mchele, na watoto wake hatuwataji. Kile kichwa kilipata kifuniko cha silinda kutoka kwenye kichwa kingine kilichokufa, kikarudi kazini. Wiki iliyopita nilikuwa nacho, tulisimama tena, safari hii kwa sababu ya breki.