Binti wa Rika

Silantoi Eliamini akishika jambo haliachi. Alipoamua kufaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, nyumba nzima ilijua. Alisoma akipika, alisoma akifua, na dada yake anaapa kwamba siku moja alimkuta uani akiwaeleza kuku hatua za kumwekea mgonjwa dripu. Alikuwa amemaliza diploma yake na anajitolea katika kituo kimoja cha afya juu ya Ngaramtoni, unapoelekea Olmotonyi. Wagonjwa walimwita nesi, lakini mwenyewe alijua kwamba bila leseni bado ni mwanafunzi aliyevaa sare nyeupe.

Aliyemfundisha kuliko wote ni Lemomo, muuguzi wa siku nyingi katika wodi ya wazazi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa, na nusu ya watoto wa vijiji vile walipigia kelele zao za kwanza kwenye mikono hiyo. Alikuwa Mwarusha kama Silantoi, na tena wa rika moja na baba yake, yaani walitahiriwa pamoja na kuingia utu uzima pamoja. Kwa Waarusha hilo si jambo la kupita tu. Mtoto wa mwenzako wa rika ni mtoto wako, kwa hiyo Silantoi alimwita baba, na alimaanisha.

Mchana wodi ikitulia, wawili hao walikaa wakikunja gozi za kufungia vidonda, Lemomo akiuliza maswali ya mtihani.

"Mama amejifungua sasa hivi. Unaangalia nini?"

"Mfuko wa uzazi kama umekaza, damu inayotoka, presha, mapigo ya moyo."

"Na kibofu? Kibofu ataangalia mama mkwe wake?"

Silantoi alicheka, akaongeza kibofu. Alipokosea, Lemomo hakumwaibisha. Aliuliza tena kesho yake kwa njia nyingine, mpaka jibu likakaa.

Lakini kuwa na mabinti wengi kiasi kile kulikuwa na shida yake. Lemomo alizalisha wanawake wa kila kabila bila wasiwasi wowote. Alipolazwa binti wa mwenzake wa rika ndipo alipokwama. Baba hamfunui binti yake, na binti mwenyewe angejiviringisha shuka mpaka shingoni asiguswe. Basi wauguzi walikuwa na mpango wao wa kimyakimya. Lemomo akisema tu, "Huyo ni binti wa rika," muuguzi wa kike anakwenda kumwangalia, naye Lemomo anafanya kazi nyingine badala yake. Mpango huo ulikwenda vizuri miaka mingi.

Sista Elizabeth, inchaji, yaani msimamizi wa kituo, hakuupenda hata kidogo. Alikuwa Mmeru wa Akheri, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa aliyepigwa sindano ya usingizi. "Sisi nasi tuna rika," alikuwa akisema. "Lakini hapa kuna wagonjwa. Kitanda nilichokupangia ni chako, likitokea la kutokea nakuuliza wewe." Watu walimwona mkali bure. Mimi nasema alikuwa na haki yake.

Mchana mmoja alijifungua Naserian, uzao wake wa kwanza, mtoto wa kiume mzito. Baba yake, mzee Sankale, alikuwa nje getini, na alipoonana na Lemomo walikumbatiana wakicheka, maana walikuwa wa rika moja. Naserian akaletwa kwenye kitanda cha dirishani, na vitanda vya upande huo vilikuwa vya Lemomo. Mara Lemomo akaitwa leba, chumba cha kujifungulia, mama mwingine alikuwa anasukuma. Akapita mezani kwa Silantoi.

"Mwanangu, yule wa dirishani ni binti wa rika. Niangalizie. Ushike tumbo lake, uangalie na pedi, usiache."

"Ndiyo, baba."

Alisema hivyo, na nia alikuwa nayo. Lakini simu ilikuwa mkononi, na katika kundi la WhatsApp la waliosoma naye mtu alikuwa ametoka kurusha maswali ya mitihani iliyopita. Silantoi akajiambia amalize swali hili. Lilipoisha likaja jingine, gumu zaidi, watu wanabishana jibu, naye alikuwa analijua. Akaandika jibu lake, wakamsifu. Meza na kitanda cha dirishani havikuwa mbali. Ungeweza kumrushia mtu chungwa akalidaka. Silantoi hakuinuka.

Aliyepiga kelele ni Hanna, mhudumu wa usafi, aliyepitisha fagio chini ya kitanda likatoka jekundu. Silantoi alikimbia, na alipofika akasimama. Hilo ndilo linalomtesa mpaka leo: mambo yote aliyoyajua, yale ya kuwajibu wenzake kwenye simu, yalimtoka kichwani. Alisimama pale ameshika shuka.

Lemomo alitoka leba mbio, akamsogeza pembeni. Hakuuliza binti wa nani. Mbele ya wagonjwa wote, mbele ya mama mkwe wa Naserian aliyeleta uji, alimfunua binti wa rika lake, akaingiza mkono, na mwingine akaukandamiza mfuko wa uzazi kwa nje, jasho likimtiririka, akiita sindano, akiita dripu, akiita gari la wagonjwa. Hakuondoa mikono yake mpaka walipofika hospitali kubwa mjini. Naserian alitiwa damu ya watu wengine, akapona.

Kuponyoka kifo hakukumaliza maneno. Mama mkwe alirudi kijijini na habari mbili: kwamba Lemomo alimwacha binti wa Sankale avuje damu, kisha akamvua nguo hadharani. Wazee wa rika wakakaa kuamua. Lemomo akatozwa mtamba wa ng'ombe, akautoa bila kubisha. Sankale, yule aliyemkumbatia getini, akaacha kumsalimia. Wakikutana sokoni Ngaramtoni, Sankale aligeukia nyanya kana kwamba anazinunua zote.

Kituoni nako Sista Elizabeth aliwaita wote wa zamu ile ofisini kwake.

"Kitanda cha dirishani kilikuwa cha nani?"

"Changu," akasema Lemomo.

"Ulimwachia mtu?"

Silantoi alikuwa amekaa kiti cha mlangoni. Alijua kwamba akisema, hatakuwa na kituo cha kujitolea wala mtu wa kumsemea neno zuri, na mtihani ulikuwa unakaribia. Akatazama viatu vyake. Lemomo naye alitazama meza.

"Mgonjwa alikuwa wangu," akasema.

Basi ikaishia hapo. Lemomo aliondolewa wodi ya wazazi akapelekwa chumba cha kufunga vidonda, yeye na mikono yake ile, awe anafunga vidole vya wakata majani ya ng'ombe. Silantoi alitoka ofisini akaenda chooni akalia, kisha akanawa uso akarudi kazini. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli, sitampamba.

Alingoja Lemomo amkaripie. Alitamani amkaripie. Badala yake, kesho yake mchana Lemomo alimwita chumba cha vidonda, akamsogezea kiti na rundo la gozi. "Tuliishia wapi? Mgonjwa wa kifafa ameanguka mbele yako. Unaanza na nini?" Silantoi alijibu. Ikawa hivyo kila mchana. Alimuuliza juu ya sukari, juu ya kifua kikuu, juu ya watoto waliopungukiwa maji. Juu ya mama aliyejifungua hakumuuliza tena, na Silantoi alielewa kwa nini.

Nitasema, alijiambia, nikishafanya mtihani. Akafanya mtihani. Nitasema matokeo yakitoka, maana nikifeli nitakuwa nimejiharibia bure. Matokeo yakatoka, amefaulu vizuri sana. Basi nikishaipata leseni mkononi. Ndivyo mtu anavyojidanganya, hatua kwa hatua, na kila hatua ina sababu yake nzuri. Huku nyuma alianza kuamka alfajiri bila usingizi kurudi, na chakula kikawa hakina ladha. Mama yake alidhani ni mtihani umemchosha.

Leseni ilipofika, baba yake, mzee Eliamini, akachinja. Akaita majirani, kwaya na wenzake wa rika. Sankale alikuja. Lemomo alikuja pia, amevaa koti lake la Jumapili, akaketi mwisho wa benchi. Aliposogezewa sahani ya nyama ili ale pamoja na wenzake, Sankale aliinuka na kuhamia benchi jingine, wala hakujificha. Watu wakaendelea kutafuna wakitazama chini.

Eliamini hakuona au alijifanya hakuona. Akasimama akapiga makofi. "Huyu mtoto nimemzaa mimi, lakini nesi kamtengeneza Lemomo. Ndugu yangu, simama umbariki."

Lemomo akasimama. Silantoi akaenda mbele yake, akainamisha kichwa kama mtoto anavyoinamisha mbele ya mzee, mkono mkubwa ukaja juu. Kabla haujamgusa, akarudi nyuma.

"Usinibariki, baba."

Silantoi akageuka, akamtazama Sankale kwanza, kisha baba yake.

"Naserian aliachiwa mimi," akasema. "Baba Lemomo aliitwa leba, akanikabidhi, nikasema ndiyo. Nikakaa na simu nasoma maswali. Sikumwangalia hata mara moja. Yeye kakaa kimya, amelipa mtamba, na mimi nimekaa kimya nikapata leseni."

Mama yake alikaa chini kwenye majani. Sankale alimwendea Lemomo, akasimama karibu naye kabisa.

"Kwa nini hukusema? Nimekupita njiani kama mbwa."

"Ningesema nini?" Lemomo alijibu. "Wako alikuwa kalala kitandani, wa Eliamini ana mtihani mbele yake. Wote ni wangu. Tena Sankale, usinifanye malaika. Kazi ilikuwa yangu, nikampa mtoto kwa sababu naona haya. Elizabeth ametuambia miaka yote."

Sankale alimshika mkono. Silantoi alisimama akingoja hukumu. Alikuwa tayari kwa faini, kwa matusi, hata kwa kofi. Alijisikia vibaya na wakati huohuo mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa majani. Jumatatu angekwenda kwa Sista Elizabeth. Hilo nalo alikwishaliamua.

"Umetuambia sisi wazee," Sankale akasema hatimaye. "Vizuri. Lakini aliyelala kwenye damu ile si mimi wala Lemomo. Umekwenda kwake?"

Miezi yote ile Silantoi alikuwa akimwona Lemomo kwenye kile chumba cha vidonda, akimwona Sankale akigeukia nyanya. Naserian hakuwa amemfikiria sana, kwa kuwa Naserian alipona.

Alikwenda jioni ileile, bado amevaa gauni la sherehe. Naserian aliishi kwa mumewe, chini kidogo ya barabara ya Olmotonyi, nyumba ya matofali kati ya migomba. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, mtoto ameketi mapajani, mnene, akijaribu kula maganda. Rangi ya Naserian mwenyewe haikuwa imerudi sawasawa.

"Karibu, nesi," akasema, akamsogezea kigoda.

Silantoi hakukaa. Akaeleza yote kwa mkupuo, kama alivyoeleza mbele ya wazee: kwamba Lemomo alimkabidhi, kwamba alisahau, kwamba alikuwa anasoma, kwamba hakuinuka. Akaomba msamaha. Naserian alimsikiliza huku akimtoa mtoto ganda mdomoni.

"Najua," akasema.

"Unajua? Nani kakwambia?"

"Hakuna. Si nilikuwepo?" Alisema bila hasira, akashangaa kidogo kuulizwa. "Wazee walikaa, mama mkwe akasema yake, mtamba ukatolewa. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Akachukua konzi nyingine ya maharage.

"Lakini hukusahau, nesi. Nilikuita. Nilisikia kumelowa chini yangu, moto, na sikujua, maana ulikuwa uzao wangu wa kwanza. Nikakuuliza, 'Dada, damu inatoka nyingi, ni kawaida?' Ukaniambia ni kawaida, nilale. Hukuinua macho."

Silantoi alitafuta sauti hiyo kichwani mwake. Alikumbuka maswali yote ya mchana ule, hata lile walilobishania. Hiyo hakuikumbuka kabisa.

"Na wewe ndiye uliyesoma," Naserian akasema. "Nikalala."