Makaa Yasiyowahi Kuwaka

Asenath Nasambu aliuza makaa mtaani Huruma, Nairobi, kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote niliokaa naye sikumsikia hata siku moja akisema amechoka. Sisi wengine tulisema kila siku, asubuhi kabla ya kufungua gunia la kwanza na jioni baada ya kufunga la mwisho. Yeye aliketi juu ya jiwe lake, akanyoosha goti la kushoto ambalo halikukunjika vizuri, akangoja mteja. Ukitaka kujua kama amechoka ilikubidi uangalie mikono yake. Siku za uchovu hakuiosha. Aliondoka nayo nyeusi hivyo hivyo mpaka nyumbani.

Mimi ni Triza. Nafasi yangu ilipakana na yake katika kile kiwanja cha makaa nyuma ya magorofa, ambapo tulikuwa wauzaji kumi na wanne. Yeye ndiye aliyenipokea nilipotoka Vihiga na mtoto mgongoni. Alisogeza magunia yake nikapata mahali pa kuweka mawili yangu, akanifundisha kazi. Na kwa kuwa sipendi kusimulia nusunusu, niseme mapema kwamba alinifundisha pia kubonyeza mkebe.

Huruma watu hawanunui gunia. Chumba ni kimoja, kitanda kiko humo, watoto wako humo, gunia utaliweka wapi? Wananunua mkebe, ule wa rangi wa lita nne, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Basi muuzaji anachukua mkebe mpya, anaupindua juu ya jiwe, anagonga kitako kwa nyundo mpaka kiingie ndani kama sahani iliyopinduliwa. Ukiutazama kwa nje huoni kitu. Kwa ndani, karibu robo ya nafasi imekwenda. Juu unasimamisha vipande virefu, na mkebe unaonekana umejaa hadi kumwagika. Wateja wengi walishuku na wakanyamaza, maana hata wangehama, wangekuta mkebe kama huo kwa jirani. Sote kumi na wanne tulifanya hivyo. Ni wizi, sina jina jingine la kuupa.

Mwaka wa 1998, mvua za El Nino zilipokwisha na makaa yakaanza kukauka tena, ulikuja mradi. Serikali ilikuwa imeahidiana na mataifa mengine kwamba kila nchi itahesabu moshi wake, wa magari, wa viwanda na wa majiko, ule unaosemekana hubaki juu ukaipasha dunia joto. Huwezi kupunguza usichokihesabu, walisema, na wala hesabu haiwezi kufanywa na watu wa ofisi peke yao. Lazima washikadau washirikishwe. Washikadau, kumbe, ndio sisi. Tukamchagua Asenath atuwakilishe kwa sababu alijua kusoma na hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Mikutano yenyewe iliitwa ya kutujengea uwezo. Asenath alijengewa uwezo mara tatu kati ya Machi na Mei. Kila mara aliniachia magunia yake asubuhi, na kila mara alirudi na kalamu mpya, kadi yenye jina lake ya kuning'iniza shingoni, na kikohozi cha baridi ya ukumbini. Nilimuuliza wamesema nini. Akajibu wamesema watarudi kutuambia.

Mara ya nne nilimsindikiza kwa sababu ya lile goti. Ulikuwa ukumbi wa hoteli moja mjini, wenye vitambaa vyeupe mezani. Aliyeongoza alikuwa ofisa wa mradi, Nahashon, mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, ambaye alikuwa amefika Huruma mara nyingi na hakuogopa kuchafua viatu. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Pembeni yetu alikaa Kawsar, mwenye hoteli ya chakula pale Huruma, aliyeitwa kuwawakilisha wanunuzi. Kawsar alichukua mikebe kumi kwa siku kwa Asenath, na alikuwa amefanya hivyo kwa miaka tisa.

Nahashon alibandika karatasi kubwa ukutani yenye mistari ya rangi, kila mtaa na wake. Mstari wa Huruma ulikuwa mrefu kuliko yote. Familia ya Huruma, alisema, inachoma makaa mengi kuliko familia ya Donholm, mtaa wa wenye nafasi. Kwa hiyo kamati ilikuwa ikifikiria kufunga viwanja vya makaa, ikianza na mtaa unaochoma zaidi, na wauzaji wahamishiwe nje ya mji, huko mbele ya Ruai.

Asenath aliinua mkono. "Kijana wangu, watu wa Donholm wako na sufuria kubwa. Wanachemsha nyama. Sisi ni sukuma wiki na chai. Tutawashinda aje kuchoma?"

"Mama, hata mimi nilishangaa," Nahashon alisema. "Lakini namba haitoki kwa kichwa yangu. Donholm wananunua gunia, tukapima gunia. Kwenu tuliuliza nyumba mia tatu, kwa siku mnatumia mikebe mingapi? Halafu tukapima mkebe."

"Mkebe gani?"

"Ule wa lita nne. Tulinunua mpya dukani, tukaujaza makaa. Kilo moja na robo."

Asenath alishusha mkono. Mimi nikainamia soda yangu.

Jioni tulishuka basi Kariobangi, tukatembea mpaka kwa mafundi wa masanduku ya bati. Hapo Asenath alisimama, nadhani kwa ajili ya goti.

"Triza, hiyo robo yenye tunabakisha kwa gunia, wao wameandika ati imechomwa."

"Si waandike."

"Wataandika, halafu watafunga kiwanja. Tunafukuziwa moshi yenye haijawahi kutoka."

Nilielewa papo hapo. Tulikuwa tumemwibia mteja robo ya mkebe, na sasa robo hiyo hiyo ilikuwa imehesabiwa kuwa moshi wetu. Wa kuifuta alikuwa mtu mmoja tu, yule atakayesimama aseme imekwenda wapi.

"Nitaambia huyo kijana akuje apime mikebe yetu," Asenath alisema. "Si ya duka."

"Mama Opicho, utatutangaza wezi." Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mficha uchi hazai," alisema, akaanza kutembea tena.

Ijumaa alitukusanya kiwanjani. Alipanga vipande vya makaa chini, vinne vinne, akaondoa kimoja katika kila kundi, akatuonyesha kile ambacho mteja hupata na kile ambacho mradi umeandika. Alirudia mara mbili. Tulimsikiliza huku tukikwepa kumtazama. Mwishowe akanena Bedan, mzee kuliko sisi sote pale.

"Mama Opicho, hesabu yako ni nzuri. Lakini leo unaita mtu wa mizani, kesho anarudi na pingu. Kuuza na kipimo mbaya ni kesi. Kiwanja ikifungwa tutatafuta ingine. Mimi nikifungwa, nani atalisha watu wangu?"

"Hawa si watu wa kushika. Wanataka namba tu."

"Leo," Bedan alisema.

Hakuna aliyeongeza kitu, na Asenath akadhani tumekubali. Au pengine hakudhani hivyo, ila alikuwa hana nguvu za kutuuliza mara ya tatu. Alimpelekea Nahashon ujumbe: Jumatatu njoo na mizani. Nahashon alifurahi sana. Alijibu kwamba uzito wa mkebe ukibadilika, namba yote ya Huruma itabadilika, na kamati italazimika kufikiria upya.

Jumapili baada ya kanisa Asenath alikwenda Donholm kumwona binti yake. Alasiri hiyo nilipita kiwanjani kufunika magunia, maana wingu lilikuwa limetanda, nikasikia nyundo. Bedan alikuwa ameubana mkebe wake katikati ya magoti, ametia ubao ndani, akiugonga kwa nyundo ili kitako kirudi mahali pake. Wenzake watano walikuwa wakingoja zamu. Walikuwa wakitaniana, wakisema kesho watapimwa kama watoto wa kliniki.

"Leta yako, Triza," Bedan aliniambia. "Ama unangoja ushikwe?"

Wengine walifanya kwa kutoelewa, nami siwalaumu. Mimi nilielewa ile hesabu tangu Kariobangi. Nilijua kwamba kila mkebe ulionyooshwa ulikuwa unathibitisha kilo moja na robo, na kwamba tulikuwa tukijifungia kiwanja kwa mikono yetu. Lakini niliwaza, wote wakinyoosha na wangu ubaki umebonyea, mwizi nitakuwa mimi. Nikauleta, nikampa. Aliugonga mara sita au saba hivi. Kufikia usiku sote kumi na watatu tulikuwa tumenyoosha, na hakuna aliyetumwa Donholm kumwambia Asenath.

Jumatatu Nahashon alifika na mizani ya kuning'iniza, na Kawsar akaja kushuhudia kwa niaba ya wanunuzi. Nahashon alianza upande wa Bedan. Kilo moja na robo. Wa pili, kilo moja na robo. Wa tatu umezidi kidogo. Nilimtazama Asenath alipokuwa akisikia zile namba. Mwanzoni alikunja uso kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akaangalia mikebe iliyokuwa imekwisha kupimwa, imelazwa ubavu, na vitako vyake vilikuwa na alama za kugongwa, rangi imepasuka na bati linang'aa. Baada ya hapo hakuangalia tena.

Wangu ulipimwa. Kilo moja na robo.

Wake ulipimwa wa mwisho. Kilo moja kasoro.

Nahashon alitazama mizani, akaupima tena. Nilimwonea huruma, alitaka sana iwe vinginevyo.

"Mama," alisema polepole, "ni huu wako tu."

Asenath angeweza kuokota mkebe wowote pale chini, akampa, akamwambia tazama. Kitu hicho kingechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalipofika kwangu hayakukaa kuliko yalivyokaa kwa wengine. Nikangoja aseme. Nilitamani aseme, ili lisiwe langu la kusema.

"Basi andika wangu, kijana," alisema.

Jumanne Kawsar alikuja na karai lake, akapita mahali pa Asenath, akasimama kwangu. "Triza, kuanzia leo nitachukua kwako," alisema. "Miaka tisa nimeibiwa na mtu nilikuwa nakula naye Idd." Hakupunguza sauti. Nikampimia mikebe kumi, na Asenath ameketi hatua mbili kutoka hapo, amenyoosha goti, anatazama barabara. Niliona aibu kiasi kwamba nilimzidishia Kawsar vipande, naye akanishukuru.

Siku moja mchana, wiki mbili baadaye, nilimpelekea Asenath chai. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, nikasema moja tu, nisamehe.

"Keti kwanza," alisema. "Umesimama sana leo."

Nikaketi. Tukanywa chai. Alizungumzia bei ya makaa ya Kitui na jinsi binti yake alivyopata nyumba yenye maji ndani. Mikono yake ilikuwa nyeusi, hakuiosha hata kwa chai, na ilikuwa saa saba tu ya mchana.

Mkutano wa mwisho uliitwa Novemba, katika ukumbi ule ule. Waliombwa wawakilishi wawili wa kila kundi, na Asenath akasema twende naye. Ripoti ilikuwa imekwisha kuchapishwa, ina jalada la kijani. Mstari wa Huruma ulikuwa pale pale, mrefu kuliko yote. Chini yake waliandika kwamba uzito wa mkebe umehakikiwa kiwanjani na kuonekana sahihi, isipokuwa kwa muuzaji mmoja. Kiwanja chetu kingefungwa kabla ya Krismasi, cha kwanza Nairobi nzima.

Nahashon alikuja mezani kwetu mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alisema alijitahidi, lakini kamati inataka namba, na namba ndizo hizo. Kisha akauliza, kama ilivyopasa, ikiwa wauzaji wa makaa wana lolote la kuongeza kabla hajafunga kitabu. Alimtazama Asenath, halafu akanitazama mimi, akangoja.

Asenath alikuwa akisoma karatasi ya mwisho, kidole kikifuata mstari. Hakuinua kichwa. Nami nikainama, nikajifanya nasoma pamoja naye. Nahashon akangoja kidogo tena, kisha akatoa kalamu.

Karatasi ile ilisema kwamba wauzaji wa makaa wa Huruma wameshirikishwa kikamilifu katika kila hatua. Asenath aliweka sahihi, taratibu, herufi kwa herufi.

"Mbona umesaini?" nilimnong'oneza. "Si ni uongo?"

"Uongo iko wapi?" alisema. "Walituuliza, Triza. Walikuja mpaka kwetu, wakatuuliza."

Akanisogezea karatasi, na mimi nikaweka sahihi yangu chini ya yake.