Nilidhani ni treni ya mizigo

Jamani, naandika haraka haraka. Mkiona herufi zimekosewa mnisamehe.

Leo mchana nilikuwa katikati ya mto wetu hapa Gulwe, nimechuchumaa nachota maji kwenye kisima cha mchangani. Mto mkavu, jua kali, hata kiwingu hakuna.

Nikasikia mngurumo. Nikajua treni ya mizigo hiyo, nikaendelea kuchota.

Mama mkwe wangu akapiga kelele kutoka ukingoni: "Toka wewe! Reli iko huku, mngurumo unatoka kule!"

Kugeuka, naona maji mekundu yanakuja, yamebeba miti mizima!

Nilikimbia. Kufika ukingoni, udongo ukameguka chini ya miguu yangu. Nikadaka matete.

Matete yaleyale aliyoyapanda mama mkwe mwaka jana ili ukingo usiliwe na maji. Nilimcheka mimi, eti anapanda majani badala ya mtama.

Hayakung'oka.

Kisima hakipo. Ndoo haipo. Pale nilipokuwa nimechuchumaa sasa hivi panapita gogo.

Ninyi ndugu mnaokaa huko juu mtoni, mvua ikinyesha kwenu, tupigieni simu hata kama hamna la kusema.

Huku kwetu jua lilikuwa linawaka.