Mchi wa Baba

Shangazi aliponiuliza kama ningependa kwenda kuishi katika "nyumba yenye mwanamke", nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, rafiki yangu, na baba alikuwa amesimama pale pale, mchi mkononi.

Juzi nilikuta muthokoi sokoni Kwa Vonza, mahindi yaliyokobolewa kwa mashine, meupe kama meno ya bandia. Kwetu Kanyangi yalitwangwa kwenye kinu, na kutwanga ilikuwa kazi ya wanawake. Mama alipofariki, baba alibaki na wavulana wawili na kinu. Mara ya kwanza aliyalowesha mahindi kupita kiasi, yakapondeka kama chakula cha kuku. Tukala hivyo hivyo, maganda yakitukwama kooni.

Mlio wa mchi wake ulikuwa mzito, haulingani, kilima kizima kikajua anayetwanga ni mwanamume. Jirani yetu, bwege ambaye hakuwahi kujichotea hata maji ya kunywa, akaja uani kucheka.

"Wewe, umeolewa na nani?"

"Na hawa wawili," baba akajibu, mchi hausimami. "Na hawajaleta hata mbuzi."

Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Shuleni waliuiga mlio ule kwa kugonga madawati, nami nikamdharau baba kuliko walivyomdharau wao. Kina mama wa kanisa walituombea kwa sauti kubwa, kisha wakaenda kutusengenya kisimani. Sikuona hata mmoja akishika mchi.

Basi nikaenda Mtito Andei, kwenye hoteli ya shangazi. Nyumba yenye mwanamke! Niliosha sahani za madereva wa malori na kula makombo yao, na bado, mjinga mimi, nilijiona nimeokoka aibu.

Niliporudi nilikuwa na ndevu. Mchi niliusikia tangu barabarani: mwepesi, sawasawa, kama wa mama. Baba alitwanga, mdogo wangu akapepeta, wala hawakuhitaji kusemezana. Siku hiyo muthokoi ulikuwa laini. Baba alinitolea kiti cha wageni, akanipakulia kwenye sahani ya wageni. Wao wawili wakala kwenye sufuria moja.

"Kula, mgeni halali njaa," akaniambia, bila ubaya wowote.

Ndivyo alivyonipakulia kila nilipokwenda. Sasa kinu kimepasuka na kilima kimenyamaza. Mdogo wangu alimzika baba yake. Mimi nilimzika mwenyeji wangu.